Mahari ya Binti Chikichi

Sura ya Tisa

Siku ya Idi pili, ukumbi wa video wa Ujiji ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Leonia alifika mapema, akachagua kiti cha mbele pembeni, mahali ambapo mtu akisimama anaonekana na wote bila kuhangaika. Hakukichagua bure. Chande alikuwa amemwambia kwamba sinema ikiisha atasimama mbele ya mama yake, wajomba zake na majirani wote, amwite kwa jina, na aseme huyu ndiye. Mwanamke anayesubiri kuitwa hakai nyuma ya nguzo.

Alivaa gauni la bluu na mtandio mweupe ambao bado ulimshinda kuufunga. Kila akigeuza shingo ulimteleza, na kila ulipoteleza, Yunisi, jirani yake wa Katubuka na msusi mwenzake, aliurudisha kwa mkono mzito. Yunisi ni Muha wa Kasulu, na Mungu hakumjalia kunong'ona. Alimwambia Leonia, kwa sauti iliyofika safu tatu, kwamba bibi arusi asiyeweza kufunga mtandio atamtia mama mkwe kiwewe. Leonia alicheka. Moyo wake ulikuwa juu juu tangu alfajiri, na kucheka kulimsaidia kukaa.

Alikuwa na sababu ya kuwa hivyo, maana alibakiwa na Chande tu. Miaka ile meli zilikuwa zikiwarudisha Warundi kwao, na mama yake, Verediana, alikuwa amekwisha kuondoka. Walikuwa wameingia nchini pamoja kupitia Kagunga, Leonia akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na ilikuwa warudi pamoja. Lakini Leonia alikwenda mwenyewe kuomba jina lake lifutwe kwenye orodha ya wanaorudi. Bandarini Kigoma, mama yake alimshika mashavu kwa mikono miwili akamuuliza kama huyo mwanamume amekwishapeleka posa. Leonia akajibu kuwa bado, ila ameahidi. Mama akatazama pembeni, ambako Chande alisimama na godoro lao kichwani, mdomo umemkauka kwa saumu, akimsaidia mama mkwe mizigo yake kama kijana mwenye adabu zake. Akaonekana kuridhika. "Usigare amahoro," alimwambia binti yake, baki kwa amani, kisha akapanda meli.

Taa zikazimwa. Ukutani yakatokea maandishi mekundu, *Binti Chikichi*, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Hadithi yenyewe walikuwa wameilalia na kuiamkia tangu utoto. Bibi kizee asiye na mtoto anakamua mawese, anakuta chikichi moja isiyopasuka kwa jiwe wala kwa nyundo. Anaiweka chini ya mto. Asubuhi anaamshwa na sauti ya ufagio, akichungulia anamkuta msichana mwekundu kama mafuta yenyewe anafagia uwanja, na msichana huyo ana sharti moja tu, asisogezwe karibu na moto. Halafu anatokea mwana wa mtemi, anapenda, anataka kuoa. Watoto walikuwa wameiona kwenye vitabu vya picha, na mwaka mmoja kuna mtu alileta katuni yake kwenye mkanda. Chande, mpiga video wa harusi mwenye studio ya chumba kimoja, ndiye aliyeapa kwamba ataitengeneza na watu wenye miguu yao.

Na alimchagua Leonia kwa sauti yake. Hilo ndilo alilokuwa akilisimulia kila mahali. Walikutana kwenye arusi ya watu, yeye anapiga picha, Leonia amemaliza kumsuka bibi arusi. Akamsikia anamwambia bibi arusi, "Dada, usiegemee ukuta, nywere zitararia upande mmoja." Chande akashusha kamera. Akamwomba arudie. Leonia alidhani anachekwa, maana Warundi wengi wamechekwa mjini kwa kuikosa herufi *l*, akamnunia. Kumbe mwenzake alikuwa hoi. Alianza kupita Katubuka kila jioni na visingizio vyake, akamfupishia jina akamwita Leo, akawa anamwambia, "Wewe ni Leo, na kesho, na keshokutwa." Leonia mwenyewe akijaribu kulitamka jina hilo lilitoka Reo, na Chande alikuwa akifumba macho kama mtu aliyeonjeshwa asali. Alisema hata akitukanwa kwa sauti ile ataomba arudiwe.

Basi fikiria msichana huyo kitini, anajiona ukutani amepakwa mawese kuanzia utosi hadi nyayo. Alikumbuka nzi waliomfuata mpaka sokoni Katonga. Alijiona anaweka ufagio chini, anageuka, anamtazama bibi kizee kwa macho yale ambayo Chande alimfundisha. Midomo yake ikafunguka.

Ikatoka sauti ya mwanamke mwingine.

Ilikuwa sauti nzuri, laini, ya mtoto wa mjini aliyesoma Kurani tangu mdogo. "Shikamoo bibi, usinishangae, nimelala chini ya mto wako usiku kucha." Kila *l* ilikaa mahali pake. Yunisi aligeuka akamtazama Leonia, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akakosa la kusema. Leonia alitabasamu, akasema kwamba ni mambo ya mitambo. Chande alikuwa amemweleza kwamba upepo wa ziwani na injini za mitumbwi viliharibu sauti, na kwamba watazirekodi upya studio. Kila alipouliza zamu yake lini, aliambiwa bado, anaanza na wengine. Labda muda ulimbana, alijiambia. Labda ni ya muda tu. Mtu anayependa hakosi pa kujishikiza.

Akavumilia mpaka ilipofika arusi.

Siku walipoipiga arusi hiyo, kadhi alikuwa Gervasi, muuza dagaa, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni. Walimvisha kanzu na kilemba, akapendeza, lakini maneno yalimruka, na alipoona yamemruka kabisa akapiga ishara ya msalaba. Watu walicheka mpaka wakalala chini. Mahari aliyoitaja ilikuwa ile ile ya kwenye hadithi, debe la mawese na mbuzi jike. Leonia alikuwepo, alivaa ushungi mwekundu, na alipoulizwa alijibu "Nimeridhia" huku akimtazama Chande, aliyekuwa ndiye mwana wa mtemi, na wala hakuwa anaigiza.

Sasa ukutani Gervasi alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya shehe wa mtaa wao. Ukumbi ukaguna kwa furaha, maana kila mtu aliitambua. Shehe aliuliza kama binti ameridhia. Midomo ya Leonia ikacheza, ile sauti laini ikajibu, "Nimeridhia." Haikujibu papo hapo. Ilijibu baada ya pumzi mbili, chini chini, kama mtu aliyeinamisha kichwa mbele ya baba yake.

Kisha shehe akataja mahari, cherehani na msahafu.

Watu wakaangua kicheko. Yunisi akapata tena ulimi wake, akauliza mtoto wa chikichi atashonea wapi hicho cherehani, porini na nyani? Leonia naye alicheka. Alicheka mpaka aliposikia jibu la bwana arusi.

Sauti ya Chande aliijua akiigiza na aliijua akiogopa, na hizo ni sauti mbili. Iliyotoka ukutani ilikuwa ya Chande mwenye hofu, mate yanamkwama, anayafuata maneno ya shehe neno kwa neno kama mtoto wa madrasa. "Nimekubali kumuoa Asi..." Hapo ngoma ikapigwa kulifunika jina. Ilipigwa ikiwa imechelewa kidogo. Na juu ya ngoma yakapanda vigelegele vya mwanamke mmoja, vile vinavyovunjika mwishoni na kuanza upya, ambavyo hakuna mtu Ujiji asiyejua kuwa ni vya Bi Zuhra, mama yake Chande. Bi Zuhra hakukanyaga hata siku moja mahali walipokuwa wakipiga sinema.

Leonia aliinuka. Mtandio ukamdondoka mabegani, na Yunisi alipoudaka, mwenyewe alikuwa amekwishapita katikati ya magoti ya watu. Hakuwa analia. Miguu yake ilikuwa inajua inakokwenda, kichwa ndicho kilichobaki nyuma.

Chande alikuwa kwenye kijichumba cha mitambo nyuma ya ukumbi, amevaa kanzu mpya, anaangalia sinema yake kupitia upenyo wa ukuta. Alipomwona akatabasamu kwanza. Tabasamu hilo Leonia alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alifurahi kumwona.

"Chande," alisema, "ire mahari ni ya nani?"

"Ya Binti Chikichi. Niliibadilisha kidogo, watu wacheke. Umeona walivyocheka?"

"Nimekuuriza ya nani."

Tabasamu likamwisha taratibu. Akatazama mlango. Akasema, "Leo, tafadhali. Tuongee kesho."

"Mama yako hakuja siku ire ya kupiga arusi. Vigeregere vyake umevitoa wapi?"

Chande akakaa juu ya kreti la soda, akafuta uso kwa mkono wa kanzu. Maneno yakaanza kumtoka vipande vipande. Ilikuwa Shaabani, kabla ya mfungo. Mama yake alikuwa amepeleka posa muda mrefu bila kumwambia, kwa watu wanaojuana nao tangu enzi za babu, watu ambao huwezi kuwageuzia mgongo. Alimwapia kwamba alikataa. Alikataa wiki nzima, mama akaacha kula, wajomba wakaja. Walifunga ndoa kimya kimya nyumbani kwa kina binti, karamu ya walima ikaachwa mpaka baada ya Idi. Alisema alikuwa akitafuta siku ya kumwambia, na kila siku ilionekana mbaya.

"Urikuwepo?" Leonia aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Ukasema umekubari."

"Nilisema."

Leonia akaegemea ukuta. Ukumbini watu walikuwa wanamshangilia mwana wa mtemi. Lipo jambo moja lililokuwa likimzunguka kichwani, akalitafutia maneno, na alipoyapata yalitoka bila kelele.

"Kwa nini uriiweka ndoa yako kwenye uso wangu?"

Hapo, jamani, kama Chande angekaa kimya, au angelia, huenda ningepata la kumtetea. Lakini macho yalimng'aa. Akainuka, akaanza kueleza. Alisema alijaribu kuiigiza ile sehemu studio, akairudia mpaka koo likamkauka, ikatoka baridi. Siku ya ndoa kinasa sauti kilikuwa mfukoni mwake, kazi ya mkono uliozoea, na alipoisikiliza baadaye akaona hajawahi kurekodi kitu chenye uhai kama kile. "Sauti ya kweli haiigizwi, Leo. Msanii akikipata kitu kama hicho hawezi kukitupa. Na sauti yako, mama alisema watu wa Dar hawatanunua, watasema ni sinema ya wakimbizi. Sikutaka wakucheke."

Ni kama mtu anakuchoma kisu halafu anakuonyesha mpini ulivyochongwa vizuri.

Leonia alikumbuka maneno ya Bi Zuhra, siku aliyompelekea futari. Mama yule hakumtukana. Alimkaribisha mkekani, akamshika mkono, akamwambia yeye ni mtoto mzuri mwenye heshima zake, lakini nyinyi wa meli, mwanangu, leo mpo, kesho mmeitwa, na mimi nataka wajukuu nitakaowalea mimi, wao waje wanizike. Leonia alirudi Katubuka akajipa moyo kwamba mama atalainika. Siku hiyo ya futari mwanawe alikuwa amekwishaoa. Ramadhani yote alikuwa amekwishaoa.

Na hapo ndipo lile jingine lilipomfikia.

"Meri iriondoka katikati ya Ramadhani," alisema.

Chande akatazama tena mlango.

"Uribeba godoro ra mama yangu. Urikuwa mume wa mtu, umefunga saumu, ukabeba godoro ra mama yangu ukamtakia safari njema. Akakuangaria akaamini. Ungeniambia pare pare bandarini, ningepanda. Kwa kanga moja ningepanda."

"Nisingeweza kukuona unapanda meli," Chande alisema, na machozi yakamlenga kweli. "Nakupenda wewe. Huyo sijamjua hata kumjua. Nisikilize. Dini inaniruhusu. Mambo yakitulia, mama akishapata mjukuu wake, nitakuoa wewe wa pili, nikupangie nyumba nzuri hapo hapo Katubuka, hakuna atakayekusumbua. Na tuna sehemu ya pili ya kupiga. Watu wameipenda sura yako, umewasikia mwenyewe. Sinema haiendi bila wewe."

Alimshika mkono. Leonia aliuacha mkono wake ndani ya ule wa Chande kwa muda, kwa sababu mwili huchelewa kupata habari. Ulikuwa mkono ule ule, wenye joto lile lile, na alimpenda bado, hiyo ndiyo aibu yake. Laiti mapenzi yangekuwa yanazimwa kama taa za ukumbi, angeyazima saa ile.

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa msichana mfupi mwenye buibui jipya, hina mbichi mpaka kwenye viwiko, na uso wa mtu aliyetumwa. "Mama anasema inakaribia kuisha," alisema, "uje ukawashukuru watu, na wewe na..."

Hakumalizia, lakini Leonia alikuwa amekwishaisikia. Sauti laini, kila *l* mahali pake.

Asia alitazama mkono uliokuwa umeshikwa, akaona unavyoachiwa. Kisha akamtazama Leonia, na furaha ikamtawala usoni kabla ya mashaka. Akasema kumbe huyu ndiye Binti Chikichi mwenyewe, alikuwa na hamu ya kumwona, alisikia kuwa hataki kutia sauti kwa ajili ya haya.

"Nani aliyesema nina haya?" Leonia aliuliza.

Asia alimgeukia mumewe. Chande alianza kusema kwamba watu wanangoja, na Asia akamkatiza taratibu, kwa adabu, kama mke mgeni. "Uliniambia umeiweka ndoa yetu mle ndani iwe zawadi yangu," alisema. "Nisikie 'nimeridhia' yangu kila Idi mpaka nizeeke. Ndivyo ulivyoniambia. Sasa mbona huyu dada anatetemeka?"

Nje ya kijichumba watu walikuwa wanacheka kwa lile lililokuwa linatokea ukutani.

"Alikuahidi?" Asia alimuuliza Leonia.

Chande alisimama nyuma ya mkewe. Hakuthubutu kutoa sauti, lakini midomo yake ilicheza. Miezi yote ya kupiga sinema alikuwa akisimama hivyo hivyo nyuma ya kamera, akimpa Leonia maneno yake kwa midomo, na Leonia akiyasema. *Sema hapana*, midomo ilimwambia. *Sema hapana, Leo.*

"Ndiyo," alisema Leonia. "Ariniahidi mpaka mama yangu akaenda peke yake."

Asia alikaa kwenye kreti. Alikaa vibaya, hina ikagusa buibui, naye hakujali. Alikuwa mdogo kuliko ilivyodhihirika kwenye sauti. Leonia alitaka kumchukia, alijitahidi kabisa, na chuki ikagoma kuja. Alipiga magoti akamfuta ile hina kwenye nguo kwa ncha ya gauni lake mwenyewe, kama anavyowafuta wateja wake mafuta ya nywele yakiwamwagikia.

"Wewe walikuchukua sura tu, dada," Asia alisema polepole. "Unaweza kuondoka nayo. Mimi ndiye nitakayebaki naye."

Chande akaita, "Asia." Kisha akaita, "Leo." Hakuna aliyegeuka. Ukumbini makofi yalilipuka, sauti ya Bi Zuhra ikasikika inawataka watu watulie, mwanawe anakuja kusema neno. Chande alisimama katikati ya chumba na kanzu yake mpya, akawatazama wote wawili, akangoja mmoja amwambie la kufanya. Mwishowe akapita mlangoni kwenda kwa watu wake. Leonia alisikia makofi yakimpokea. Alizisikia na shukrani zake, zilizotajwa kwa majina, jina la mama, la wajomba, la shehe, hata la Gervasi. Lake halikutajwa.

Alitokea mlango wa nyuma. Jua la alasiri lilikuwa kali, na uchochoro ulijaa wasichana wadogo wa sikukuu, magauni ya kumetameta, ubuyu umewapaka midomo. Walikuwa wamechungulia sinema dirishani. Mmoja alimwona, akapiga yowe, na wote wakamzunguka.

"Binti Chikichi! Ndiye huyu! Dada, sema ile ya kwa bibi. Sema kidogo tu."

Leonia aliwatazama. Angeweza kupita. Lakini walikuwa wameinua nyuso zao kwake kwa heshima kubwa, na siku nzima hakuna mwingine aliyemtaka asimame mbele za watu. Akapandisha pumzi.

"Shikamoo bibi," alisema, "usinishangae, nimerara chini ya mto wako usiku kucha."

Wasichana walitazamana. Mmoja alianza kucheka, akajiziba mdomo. Mkubwa wao alimkagua Leonia tangu unyayo mpaka nywele, akatingisha kichwa kama mtu aliyekaribia kutapeliwa.

"Siyo huyu," alisema. "Wamefanana tu. Yule anaongea vizuri."

Wakamwacha. Walikimbilia mlango wa mbele, ambako Asia alikuwa anatoka na mama mkwe wake, na Leonia akawasikia wanamwomba aseme. Hakungoja kusikia kama atasema. Aliuchukua mtandio mikononi mwa Yunisi, aliyekuwa amemfuata na kusimama hapo huku analia, akautundika shingoni bila kuufunga, akashika barabara ya kwenda Kigoma. Alikuwa na jambo moja la kuuliza bandarini, meli inayofuata inaondoka lini, na huko wangemwelewa anavyolitamka.